Zoezi la Kugeuka

Kwenye mafaili ya ofisi ya ardhi
Dodoma ni mita elfu moja mia moja na ishirini
juu ya usawa wa bahari.
Nimeiandika namba hiyo miaka ishirini na mitatu
na bahari yenyewe sijaiona.
Basi nimekwisha kuanza, nikajiambia,
kipande cha kwanza nilipandishwa tumboni mwa mama, kule Mvumi,
bila viatu.

Kimebaki kilichobaki.

Elirehema, atakayeniongoza, yuko Marangu.
Namjua kwa sauti tu,
na kwa jogoo wake anayewika nyuma ya simu saa zote.
"Mama Foibe, umewahi kushika barafu?"
Nimeshika, nikamjibu: ya ubuyu, ya shilingi mia,
naing'ata pembe ya kifuko
naifyonza mpaka inabaki nyeupe.
Akacheka mpaka salio likamwishia.
Kesho yake akatuma orodha:
soksi za sufu jozi nne, tochi ya kichwani,
koti lisilopitisha upepo, kofia ya kuziba masikio.
Mwezi wa kumi, mabati yanalia kwa jua,
nami niko Sabasaba nachambua mitumba,
naulizia glovu.
Muuzaji akanitazama usoni,
kisha akalitazama jua.

Viatu nilivikuta chini kabisa ya rundo.
Kwenye ulimi wa kushoto pana jina, kwa wino: Ingrid.
Sijui vilimfikisha wapi, wala kwa nini aliviacha.
Soli imelika upande wa nje,
vilevile ninavyokanyaga mimi.
Nikalipa bila kuomba kupunguziwa.

Begi nalijaza uwele, kilo kumi na mbili,
kila Jumamosi napanda Mlimwa,
uwele unanong'ona mgongoni.
Jirani yangu Perisi amechoka kuniuliza:
"Huko juu umepoteza nini?"
Sina jibu la kumtosha.
Namwambia nikirudi tutausaga huu uwele, tusonge ugali,
utakuwa umetembea kuliko sisi wawili.

Magoti yalizoea upesi. Mwendo ndio uliogoma.
Mimi ni mtu wa mbio: maji ya mgawo hutoka saa tisa usiku
na mwenye mwendo wa bibi harusi hukuta bomba linakoroma;
gari la Mtumba nalo halimngoji mtu afunge kamba za viatu.
"Polepole," anasema Elirehema,
"tembea kama umembebea mgonjwa uji."
Nikatembea hivyo. Mbuzi wakanipita.
Watoto wakanipita, wakarudi, wakanipita tena.

Na kwa kuwa kileleni watu huondoka usiku wa manane,
nami naamka usiku wa manane,
mpwa wangu Ndahani mbele na tochi,
mbwa wa mtaa mzima wakitutangaza.
Jiwe lina joto la mchana bado,
kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi.
Naliwekea kiganja, najaribu kulifikiria baridi.
Silipati.
Chini kuna taa za Chang'ombe, Kikuyu, Kizota,
na treni inaingia mjini
kama zipu inayofungwa gizani.

Zoezi kubwa alinipa jana.
Hakucheka. Hata jogoo alinyamaza.
"Nikikwambia geuka, utageuka?
Hata kama kibao cha kileleni unakiona?"
Nitageuka, nikasema.
"Usiniambie mimi. Nenda kafanye."

Leo nimefika hatua kumi chini ya kilele cha Mlimwa.
Pumzi iko sawa. Miguu iko sawa.
Jiwe la mwisho lile pale, na chokaa waliyolipaka watoto wa shule.
Ndahani kasimama juu yake, ananinyooshea mkono.

Nikageuka.

Uwele ukahama begini, ukalalia bega la pili.
Nimepanda nao wiki kumi na moja.
Sikujua kuwa uzito wake
uko kwenye kuteremka.